Nyimbo ndogo za Ulaya ya zamani: zilitoka mezani baada ya chakula, zikaishia kwenye vitabu vya kanisa

Mzee wa Nota (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila tukigusa muziki wa zamani wa Ulaya humu, tunaishia kwenye mambo makubwa: misa za Bach, opera za saa tatu, simfoni zinazojaza jukwaa zima. Leo naomba tushuke kidogo. Nataka tuongelee nyimbo ndogo, zile za dakika mbili: sauti tatu, msichana, maua, mwezi wa Mei, kwisha. Waitaliano wa karne ya 16 waliziita kanzoneta, nazo zilikuwa na ndugu zake, vilanela ya Naples na baleto ya kuchezeka.

Hoja yangu ni kwamba nyimbo hizi zilisafiri kwa sababu ni nyepesi. Kazi nzito za wakati ule zilitaka waimbaji wanaolipwa na mfalme au kanisa. Kanzoneta ilitaka watu watatu, meza, na vitabu vitatu vyembamba.

Chukueni Thomas Morley, mtunzi wa London. Mwaka 1593 alichapisha kanzoneta za sauti tatu, na kwenye jalada lenyewe akawaambia wanunuzi kuwa hizi ni nyimbo ndogo fupi. Kila sauti ilikuwa na kitabu chake, huoni nota za mwenzako. Ukipotea, unasikiliza unatafuta pa kurukia. Mwaka 1597 akatoa kitabu cha kufundishia muziki, kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi. Kinaanza na kijana aliyealikwa chakula cha jioni. Watu wamekula, mama mwenye nyumba analeta vitabu vya sauti, anampa kijana kimoja. Kijana anajitetea kuwa hawezi. Wageni wananong'onezana: huyu kalelewa wapi? Kwa aibu hiyo anakwenda kutafuta mwalimu.

Tusidanganyane, hilo ni tangazo la biashara. Morley alikuwa anauza vitabu vile vile vinavyoletwa mezani. Tangu 1575 Malkia Elizabeth alikuwa amewapa watu wawili tu, Tallis na Byrd, haki ya kuchapisha muziki kwa miaka 21. Mwaka 1598 haki hiyo ikaangukia kwa Morley mwenyewe.

Kinachonifurahisha ni kwamba kwenye kitabu hicho hicho anazipanga nyimbo kwa vyeo. Madrigali, wimbo mzito wa mapenzi wa sauti kadhaa, anaiweka juu, kanzoneta chini yake, vilanela chini zaidi. Kuhusu kanzoneta anasema humo ufundi unaoweza kuonyeshwa ni mdogo, na kwamba ni madrigali ya kuigiza. Na huyo ndiye mtu ambaye jina lake limefika kwetu kwa sababu ya hizo hizo ndogo! Ule wimbo wake wa Mei wa mwaka 1595, "Now is the month of maying", mpaka leo kwaya za shule Uingereza zinauimba. Nao aliujenga juu ya wimbo wa Orazio Vecchi wa Modena uliotoka 1590. Miaka mitano tu, wimbo umevuka Alpi na bahari na umebadilisha lugha, kiitikio chake "fa la la".

Karibuni, shusheni nondo.

Jirani wa Studio

Mkuu hayo ma "fa la la" ndo nini sasa? Mtunzi kaishiwa maneno?

Mzee wa Nota

Yana kazi, ndugu yangu. Baleto ina vipande viwili vifupi, kila kimoja kinarudiwa. Kwenye maneno, sauti zote zinatembea pamoja kwa mpigo mmoja, maana ni wimbo wa kuchezeka na mguu lazima ujue pa kukanyaga. Zikifika fa la la ndipo zinaachiwa, huyu anaingia, yule anamjibu. Mtindo huo ulipata umaarufu kwa Giovanni Giacomo Gastoldi wa Mantua, kitabu chake cha baleto za sauti tano kilitoka Venice 1591. Jaladani kaandika kabisa kuwa ni za kuimba, kupiga na kucheza. Mnunuzi achague.

Sauti ya Nne

Mzee wa Nota, umemtaja Gastoldi ukampita mbio. Ngoja niongezee, mimi ni besi kwenye kwaya ya Kilutheri huku Moshi, jambo hili nilielezwa na mwalimu wetu nikabaki mdomo wazi.

Kwenye kitabu hicho cha 1591 kuna baleto inaitwa "A lieta vita", mapenzi yanatuita kwenye maisha ya furaha, fa la la. Mwaka 1598 Wajerumani tayari wanaiimba kwa maneno ya Kristo, "In dir ist Freude". Fa la la imeondolewa, tuni ni ile ile. Bach naye baadaye akaitungia kipande cha kinanda.

Lakini kubwa kuliko zote ni ya Hans Leo Hassler. Huyu alitoka Nuremberg akaenda Venice mwaka 1584 kusoma kwa Andrea Gabrieli, akarudi Ujerumani na mtindo wa kanzoneta kichwani. Mwaka 1601 akatoa kitabu kinaitwa Lustgarten, na ndani yake mna wimbo wa kijana anayelalamika kuwa akili yake imevurugika, hali hana raha usiku na mchana, sababu ni msichana. Beti tano. Chukua herufi ya kwanza ya kila ubeti, unapata M-A-R-I-A. Kamtaja bila kumtaja.

Mwaka 1613 tuni hiyo ikachapishwa na maneno ya mtu anayetamani kufa kwa amani. Halafu mwaka 1656 Paul Gerhardt akapewa nafasi yake: maneno yake ya kichwa cha Yesu kilichojaa damu na majeraha yakachapishwa na tuni ile. Bach akairudia mara tano kwenye Mateso ya Mathayo. Ndiyo hiyo tunayoimba sisi Ijumaa Kuu, watu wanalia.

Ukisikiliza ya Hassler ya mwanzo utashangaa. Inadunda, mapigo yanabadilika badilika kama ya kucheza. Kanisa ndilo lililoinyoosha, kila nota ikawa na urefu sawa, mwendo ukapunguzwa. Kwa hiyo wimbo mzito kuliko yote tulio nao ulianza kama kijana kachanganyikiwa na Maria.

Binti wa Ngamiani

Sauti ya Nne umeniharibia Ijumaa Kuu yangu 😂 sasa nitakuwa nasikia Maria tu

Kisu Butu

Hizi mada za wazungu zinatusaidia nini? Kuna bei ya sukari hapa.

Mzee wa Nota

@Kisu Butu jukwaa la uchumi lipo juu kushoto, mkuu. Huku tunaimba.

@Sauti ya Nne hapo umemaliza kabisa. Hiyo ndiyo maana yangu. Jaribu kuchukua moteti, wimbo mzito wa kanisa, ya sauti nane ya wakati ule uibadilishie maneno, si kazi rahisi, imeshonwa na maneno yake. Hii ndogo unaivua na kuivalisha.

Mwana wa Mizani

Wakuu nimesoma kimya kimya, sasa niseme upande wa ushairi maana wengi mnaongelea nota tu.

Mshairi aliyezipa kanzoneta umbo lake jipya ni Gabriello Chiabrera wa Savona, aliyezaliwa 1552, akafa 1638. Alikuwa na majivuno ya ajabu. Alisema kuwa kama Columbus, mtu wa pwani ile ile, naye ama agundue dunia mpya ama azame. Dunia aliyoigundua ilikuwa ni ya mistari mifupi! Kabla yake, ushairi wa Kiitaliano wa heshima ulitegemea mistari ya mizani 11 na 7. Yeye akaleta ya 8, ya 5, ya 4, akaichanganya.

Tazameni mwanzo wa mmoja wao:

*Belle rose porporine,*
*che tra spine*
*sull'aurora non aprite*

Hesabuni. Bel-le-ro-se-por-po-ri-ne, nane. Che-tra-spi-ne, nne. Wa tatu nane tena. Mtu aliyezoea utenzi anaisoma bila kufundishwa, maana Waitaliano nao wanahesabu silabi kama sisi na maneno yao mengi yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Tofauti ipo. Kwao irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata zinameza moja, sisi "kaa" ni mizani mbili na hakuna mjadala. Tena mstari wao ukiishia kwa neno lenye mkazo mwishoni kabisa, unakuwa na silabi moja pungufu lakini unahesabiwa kamili. Chiabrera alicheza sana na miisho hiyo, anachanganya ya aina zote ndani ya ubeti mmoja ili wimbo uruke.

Mtindo huo hakuutoa hewani. Aliuchukua kwa Ronsard, mshairi wa Ufaransa, na Ronsard aliwashwa moto na kitabu kilichotoka Paris 1554, Henri Estienne alipochapisha mashairi mafupi ya Kigiriki ya mvinyo na mapenzi yaliyodhaniwa kuwa ya Anacreon, mshairi wa Ugiriki ya kale. Baadaye wataalamu wakagundua kuwa karibu yote si ya Anacreon, ni ya waigaji waliokuja karne nyingi baada yake. Yaani Ulaya nzima iliiga waigaji. Na mashairi yakawa mazuri vile vile.

Mtunzi Monteverdi alipotoa kitabu chake cha Scherzi musicali mwaka 1607, maneno mengi ni ya Chiabrera. Sauti tatu, ala za nyuzi kati ya beti, na mapigo yanafuata mstari mfupi.

Mzee wa Nota

Na Monteverdi huyo huyo alikuwa ameshatoa kitabu kizima cha kanzoneta za sauti tatu mwaka 1584, akiwa na miaka 17. Vijana wa siku hizi mko wapi?

Jirani wa Studio

Tupo TikTok mzee

Nondo za Kale

Naomba nipingane na mleta uzi, kwa heshima. Unasema zilisafiri kwa sababu ni nyepesi. Mimi nasema zilisafiri kwa sababu kulikuwa na wachapishaji Venice waliokuwa wanauza. Madrigali nzito nazo zilisafiri. Mwaka 1588 Nicholas Yonge alichapisha London kitabu kizima cha madrigali za Kiitaliano zenye maneno ya Kiingereza, Musica Transalpina, miaka mitano kabla ya kanzoneta za Morley. Nyepesi zilipanda gari ambalo lilikuwa linakwenda tayari.

Pili, msiwafanye watu waamini kuwa hizi zilikuwa nyimbo za wananchi. Vilanela ilianza kuchapishwa Naples mwaka 1537, na jina lake linamtaja mtu wa kijijini, lakini waliotunga na kununua walikuwa watu wa mjini waliojua kusoma nota. Walikuwa wanajifanya washamba. Kuna sauti mbili kupanda na kushuka pamoja zikiwa zimeachana kwa nota tano, kosa ambalo kila mwalimu wa kwaya anakupigia kelele. Wao walilifanya kwa makusudi, ili muziki usikike wa kijinga kama maneno. Morley mwenyewe anaeleza hivyo.

Tatu, na hili ndilo zito. Kuna tawi la nyimbo hizi linaitwa moreska. Orlando di Lasso, mkuu wa muziki wa ikulu ya Munich, aliyeishi Naples ujanani, alichapisha kitabu Paris mwaka 1581 chenye vilanela na moreska. Hizo moreska ni mazungumzo ya Waafrika watumwa wa Naples, akina Lucia, kijana anambembeleza msichana dirishani, msichana anamtukana. Kiitaliano chao kimevunjwa makusudi ili watu wacheke. Na katikati kuna maneno ambayo kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa ni kelele tu, makorokoro ya mtunzi. Watafiti wameonyesha kuwa mengi ni Kikanuri, lugha ya Bornu, huko karibu na Ziwa Chad. Kwa hiyo Waafrika wa kweli, wenye lugha yao ya kweli, walikuwa mitaani Naples, na mtu akasikiliza vya kutosha kuyanasa maneno yao, halafu akayatumia kuchekesha mabwana.

Nyepesi, ndiyo. Lakini tuseme na nani alikuwa anachekwa.

Binti wa Ngamiani

Dah. Hii sikuijua kabisa.

Sauti ya Nne

Nondo za Kale, na zinaimbwa leo hizo?

Nondo za Kale

Zinaimbwa. Tafuta "Allala pia calia". Muziki ni mtamu, siwezi kukuficha, na hapo ndipo ugumu ulipo. Vikundi vingine vinaimba kama vichekesho vya kawaida bila kueleza chochote. Mimi naona bora ziimbwe na zielezwe, kwa sababu ukizifungia kabatini umezika na hayo maneno ya Kikanuri, na sauti za watumwa wa karne ya 16 zilizobaki kwenye maandishi ya Ulaya ni chache mno.

Mzee wa Nota

Hoja nzito, mkuu, na uzi umepata uti wa mgongo. La moreska sina la kuongeza, umesema vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

La uchapishaji tutabishana. Sikatai kuwa Venice ilikuwa soko. Ila tazama kilichotokea baada ya kufika. Madrigali za Musica Transalpina ziliwekewa maneno ya Kiingereza, zikaimbwa, zikazeeka kama madrigali. Baleto ya Gastoldi ikawa wimbo wa kanisa ndani ya miaka saba. Wimbo wa Hassler ukawa wa mazishi, kisha wa Ijumaa Kuu. Gari lilikuwa moja, lakini abiria mmoja alishuka akaoa kijiji kile.

Mwalimu Atieno

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi nafundisha fasihi, nimeletwa huku na rafiki.

Waliosoma "Mabepari wa Venisi" ya Mwalimu Nyerere watakumbuka pale Bassanio, ili ampate Portia, anapochagua kati ya makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Akiwa anawaza, Portia anaagiza muziki, na kunaimbwa wimbo mfupi sana unaouliza mapenzi ya macho huzaliwa wapi. Wanafunzi wengi huuruka. Kwenye Kiingereza cha Shakespeare mistari mitatu ya kwanza inaishia *bred*, *head*, *nourished*, vina vinavyofanana na *lead*, yaani risasi, kasha sahihi! Portia aliapa kwa marehemu babake kuwa hatafichua siri. Je, wimbo umemfichulia? Wataalamu wamegombana juu ya hilo muda mrefu. Mimi nasema ndiyo, na huwezi kunitoa hapo. Wimbo mwepesi ndio mahali pazuri pa kuficha kitu, kwa kuwa hakuna anayeukagua.

Na Morley wenu huyo, kitabu chake cha mwaka 1600 kina muziki wa "It was a lover and his lass", wimbo ulio kwenye As You Like It, mchezo mwingine wa Shakespeare. Kwenye mchezo, vijana wawili wakimaliza kuimba, Touchstone mchekeshaji anawaambia kuwa maneno hayakuwa na jambo kubwa na hata hivyo sauti zilikuwa mbovu. Shakespeare alijua hizi nyimbo zinasemwaje na wakosoaji.

Mwana wa Mizani

Mwalimu karibu sana, usiondoke.

Binti wa Ngamiani

Wakuu swali. Mimi najua kitu kinaitwa canzonetta kwenye opera ya Mozart, Don Giovanni anaimba chini ya dirisha. Ndio hizi hizi?

Mzee wa Nota

Ni wajukuu zake, dada. Kufikia 1787, opera ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza Prague, kanzoneta si ya sauti tatu tena, ni mtu mmoja na ala. Kwenye opera kila mtu anaimba muda wote, sasa mtunzi afanyeje pale mhusika anapotakiwa kuimba wimbo kweli, wimbo ambao hata wahusika wenzake wanausikia kama wimbo? Anampa kanzoneta. Beti mbili, tuni ile ile, mandolini, na ala za nyuzi zinadonolewa kwa vidole. Giovanni kavaa nguo za mtumishi wake, anamwimbia mjakazi wa mwanamke aliyemtelekeza. Ni wimbo mtamu wa mtu mbaya.

Halafu Haydn, mtunzi wa Vienna. Alipokuwa London alitoa kanzoneta za Kiingereza, seti mbili, 1794 na 1795, sauti moja na piano. Maneno mengi, hasa ya seti ya kwanza, ni ya mwanamke mshairi, Anne Hunter. Mumewe, John Hunter, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, na Haydn alikuwa na kinyama puani. Siku moja Hunter kamwalika, kumbe ameandaa wanaume wenye nguvu wamkamate amfanyie upasuaji hapo hapo. Haydn akapiga kelele na mateke mpaka wakamwachia. Alirudi Vienna na kinyama chake puani. Ila mashairi ya mke aliyapokea vizuri.

Nondo za Kale

😂😂 hii ya Haydn sio chai kweli?

Mzee wa Nota

Alisimulia mwenyewe kwa waandishi wa maisha yake.

Kwa kuunga: Naples haikuacha kazi hiyo. Mwaka 1880 ilifunguliwa reli ya kamba ya kupanda mlima Vesuvius, na Luigi Denza akatunga wimbo wa kuisherehekea, "Funiculì, funiculà", maneno ya Peppino Turco. Miaka sita baadaye Richard Strauss, kijana wa Kijerumani aliyekuwa ametembelea Italia, akauingiza kwenye kazi yake ya okestra, Aus Italien, akidhani ni wimbo wa asili usio na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa hai na anafundisha. Reli yenyewe iliharibiwa na volkano mwaka 1944, wimbo unaendelea.

Sauti ya Nne

Mzee, sisi kwaya tunataka kujaribu moja nje ya ibada. Tuanze na ipi? Tuko soprano wengi, tenori mmoja ambaye ni mimi mwenyewe nikijipandisha, besi watatu.

Mzee wa Nota

Msianze na Morley, Kiingereza kile kitawachosha kabla ya nota. Anzeni na "A lieta vita" ya Gastoldi, maana tuni mnaijua tayari kwa maneno ya kanisa, mtabaki na kazi ya matamshi na fa la la. Nota za nyingi tulizozitaja humu zipo bure kwenye intaneti, hazina hakimiliki tena. Ni ya sauti tano, soprano wagawane mara mbili. Solfa itabidi mwalimu wenu aiandike mwenyewe. Mwambieni asipunguze mwendo: mpigo uwe wa kucheza, na mtu akitaka kusimama acheze, aachwe.

Sauti ya Nne

Mchungaji akiingia katikati?

Mzee wa Nota

Mrukie "In dir ist Freude". Nota hazibadiliki.